Afya na Haki za Makabila Madogo ya Burma Baada ya Serikali Kubadilika

Bismillahi Rahmani Rahim.



Siku ya ukumbusho wa jumuiya ni siku ya kushukuru, na pia ni siku ya kufanya hesabu. Jumuiya huhesabu misikiti iliyojengwa, madrasa zilizofunguliwa, mayatima waliosomeshwa na wagonjwa waliohudumiwa. Lakini ipo hesabu nyingine iliyo rahisi kusahauliwa, nayo ni ya wale ambao hawamo katika daftari la mtu yeyote: watu wachache wakaao pembezoni mwa nchi. Kwao serikali huja na serikali huondoka, bendera hushushwa na nyingine hupandishwa, nao hubaki palepale wakizika watoto kwa maradhi yanayotibika. Habari ya leo ni habari ya watu hao.

Mfano uliochaguliwa watoka mbali, katika nchi ya Burma, ambayo tangu mwaka 1989 jina lake rasmi ni Myanmar. Lakini nchi hiyo si ngeni masikioni mwa wazee wa Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, na mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin. Waliorudi walisimulia habari za "Bama": matope, misitu, na homa ya malaria iliyoogopwa sawa na risasi. Wengine hawakurudi, na makaburi yao yako huko hadi leo. Katika vita hivyo Wakachin, Wachin, Wakaren na Waislamu wa Arakan walilisaidia jeshi la Waingereza. Basi watu wanaotajwa hapa ni watu waliopigana upande mmoja na askari wa Afrika Mashariki, na habari zao zastahili kusikilizwa.

Yapasa kwanza kujua nchi hiyo ilivyoungwa. Wabama ndio kabila kubwa, na hukaa zaidi katika nchi tambarare ya katikati. Kiasi cha theluthi moja ya watu ni wa makabila mengine, ambayo mengi yake hukaa milimani na mipakani: Washan, Wakaren, Wakachin, Wachin, Wamon, Warakhine, Warohingya na wengineo. Tarehe 12 Februari 1947, kabla ya uhuru, Jenerali Aung San alitia sahihi mapatano katika mji wa Panglong pamoja na viongozi wa Washan, Wakachin na Wachin, akiwaahidi watu wa milimani mamlaka juu ya mambo yao ya ndani. Ahadi hiyo ilikuwa njema. Lakini tarehe 19 Julai 1947 Aung San aliuawa kwa risasi pamoja na wenziwe walipokuwa wameketi katika baraza la mawaziri. Miongoni mwa waliokufa naye walikuwamo Mahn Ba Khaing, aliyekuwa Mkaren; Sao San Tun, mtawala mmoja wa Kishan; na Abdul Razak, Mwislamu, aliyekuwa waziri wa elimu. Damu ya Mbama, ya Mkaren, ya Mshan na ya Mwislamu ilimwagika katika chumba kimoja. Tarehe 4 Januari 1948 uhuru ulipopatikana, wenye kuikumbuka ahadi ya Panglong wengine walikuwa tayari wamo makaburini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza karibu mara moja. Tarehe 2 Machi 1962 jeshi likatwaa serikali chini ya Jenerali Ne Win, na likatawala nchi, kwa sura hii au ile, karibu miaka hamsini. Katika miaka ya 1960 jeshi hilo liliweka mbinu iliyoitwa "mikato minne", yaani kuwakatia waasi chakula, fedha, habari na askari wapya. Kwa maneno ni mbinu ya vita. Kwa matendo maana yake ilikuwa kuchoma vijiji na maghala ya mpunga, kuhamisha watu kwa nguvu, kuwachukua wanaume kuwa wapagazi wa jeshi, na kutega mabomu ardhini katika njia za mashambani.

Hapa ndipo ilipo shina ya maneno ya leo. Watu wengi hudhani kwamba maradhi ni jambo la kudura tu, kama mvua na ukame, na kwamba haki ni jambo la mahakamani. Watu wa Burma ya mashariki walifundishwa na maisha kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Mama aliyefukuzwa kijijini wakati wa mavuno hula mizizi, na maziwa yake hukauka. Mtoto anayelala msituni bila chandarua huumwa na mbu wa malaria. Mwanamume aliyechukuliwa kuwa mpagazi hakulima, na asiyelima hana cha kuwapa wanawe. Wachunguzi waliokwenda nyumba kwa nyumba katika sehemu hizo waliona kwamba nyumba zilizohamishwa kwa nguvu, au zilizoharibiwa chakula chao, ndizo zilizokuwa na vifo vingi vya watoto na utapiamlo mwingi. Kwa hiyo haikutosha kuuliza, "Mtoto huyu ana ugonjwa gani?" Ilibidi kuuliza pia, "Nani aliyemfukuza?"

Hali ya nchi nzima nayo ilikuwa mbaya. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilipozipanga nchi 191 kwa kadiri ya kazi ya idara zao za afya, Burma ilipata nafasi ya 190. Ikiwa katikati ya nchi kulikuwa hivyo, msikilizaji na akisie hali ya mpakani, ambako serikali haikupeleka daktari ila ilipeleka askari.

Hata hivyo watu hao hawakukaa kitako kungoja. Mwaka 1988 wananchi walipoinuka kudai utawala wa haki na jeshi likawapiga risasi, daktari mmoja kijana wa Kikaren, Cynthia Maung, alikimbia pamoja na wenzake kwa miguu kupita msituni hadi mji wa Mae Sot katika nchi ya Thailand. Mwaka 1989 alifungua zahanati katika nyumba kuukuu. Hakuwa na chombo cha kuchemshia vifaa vya tiba, akatumia sufuria ya umeme ya kupikia wali. Zahanati hiyo ya Mae Tao ilikua hata ikawa inawahudumia makumi ya maelfu ya wagonjwa kwa mwaka: wakimbizi, vibarua, na watu waliovuka mpaka wakibebwa kwa machela. Mwaka 2002 Dokta Cynthia alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za bara la Asia.

Mwaka 1998 watumishi wa afya wa makabila hayo walianzisha vikosi vya kubeba dawa mgongoni. Watu watatu au wanne hutwaa mikoba yenye dawa za malaria, za kuhara, za vidonda na vifaa vya uzazi, wakatembea kwa siku nyingi hadi vijiji ambavyo hapana gari linaloweza kuvifikia. Baadhi yao waliuawa, na wengine walikanyaga mabomu. Lakini kazi yao ilizaa matunda yanayohesabika. Kati ya mwaka 2005 na 2008 katika sehemu za Washan, Wamon, Wakaren na Wakarenni, watu wa vijiji vyenyewe walifunzwa kuwasaidia wazazi wenye taabu: kuzuia damu, kutoa dawa, hata kutia damu kwa mgonjwa palepale kijijini. Kabla ya mafunzo hayo, kiasi cha wazazi 5 tu katika kila 100 walihudumiwa na mtu aliyefunzwa. Baadaye walifika karibu 49. Hapakuwa na hospitali mpya, wala barabara mpya. Palikuwa na wakunga walioaminiwa, waliosema lugha ya mgonjwa, na ambao hawakumwuliza mtu kabila lake.

Mwezi wa Machi 2011 serikali mpya iliapishwa. Rais Thein Sein, ijapokuwa alikuwa jenerali mstaafu, aliwafungua wafungwa wengi wa siasa, akalegeza minyororo ya magazeti na akaanza mazungumzo na makabila. Bajeti ya afya, iliyokuwa ndogo mno, iliongezwa mara kadhaa. Tarehe 12 Januari 2012 Wakaren walipatana na serikali kuweka silaha chini baada ya miaka 63 ya vita. Tarehe 15 Oktoba 2015 makundi manane yalitia sahihi mapatano ya nchi nzima. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo chama cha Aung San Suu Kyi, binti wa yule Jenerali aliyeuawa, kikashinda uchaguzi. Ulimwengu ulifurahi, na furaha ile haikuwa bila sababu. Katika sehemu nyingi za Wakaren, kazi ya lazima ilipungua, watu wakarudi mashambani, na mgonjwa akaweza kupita njiani mchana.

Lakini kubadilika kwa serikali si lazima kuwe kubadilika kwa hali ya mnyonge. Yapo mambo matatu yaliyoonekana.

Jambo la kwanza ni kwamba amani haikugawiwa sawasawa. Mwezi wa Juni 2011, miezi michache tu baada ya serikali mpya kuapishwa, mapatano ya miaka 17 na Wakachin yalivunjika, na kiasi cha watu laki moja wakakimbilia kambini. Hivyo katika mwaka ule ule ambao magazeti ya dunia yalisifu mapambazuko ya Burma, mama wa Kikachin alikuwa anajifungua chini ya turubai katika baridi ya milimani.

Jambo la pili ni kwamba watumishi wa afya wa makabila hawakutambuliwa kwa urahisi. Mtu aliyewatibu watu wa kwao kwa miaka kumi na mitano hakuwa na cheti cha serikali, na kwa hiyo mbele ya sheria hakuwa mtumishi wa afya. Wakati huo huo wafadhili wengine, kwa kuona kwamba mji mkuu umefunguka, walipunguza misaada waliyokuwa wakiipeleka mpakani. Ikawa zahanati za zamani zapoteza fedha kabla ya zahanati mpya kufika. Makabila yalitaka jambo la busara: kwamba kazi zao na za serikali zikutane polepole, kwa heshima, pasipo moja kuimeza nyingine. Walijua kwamba hakuna mtu atakayempeleka mwanawe kuchanjwa na mkono ambao jana ulishika kiberiti cha kuchomea nyumba yake. Imani ya mgonjwa haiji kwa amri. Huja kwa mwenendo.

Jambo la tatu ndilo lililo zito kuliko yote, nalo ni la Warohingya, Waislamu wa Arakan, jimbo ambalo sasa huitwa Rakhine. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwapa uraia kamili wale tu wa mataifa yaliyotambuliwa kuwa ya asili. Orodha ya serikali ina makabila 135, na Warohingya hawamo. Walikwisha kimbia kwa wingi mwaka 1978, na mara nyingine mwaka 1991 na 1992, kila mara wakirudishwa pasipo kurudishiwa haki. Mageuzi yalipokuja mwaka 2011 wao walibaki nje ya mlango. Mwaka 2012 yalitokea machafuko kati yao na Warakhine, na watu kiasi cha 140,000, walio wengi Waislamu, wakawekwa kambini. Katika sensa ya mwaka 2014 hawakuruhusiwa kujiandika kwa jina lao, na watu zaidi ya milioni moja hawakuhesabiwa. Mwaka 2015 kadi nyeupe walizokuwa nazo, zilizokuwa kipande chao cha mwisho cha utambulisho, zilifutwa.

Na afya yao je? Mrohingya hakuweza kwenda mji mwingine bila kibali. Mgonjwa aliyehitaji hospitali ya Sittwe alihitaji kwanza ruhusa, kisha askari wa kumsindikiza, kisha fedha za kulipia yote hayo, na akifika alilazwa mbali na wengine. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja mhuri. Mwezi wa Februari 2014 serikali iliamuru shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lisimamishe kazi zake katika jimbo hilo, na watu waliolitegemea wakaachwa miezi mingi bila ya tiba ile. Huko ndiko kuona kwa macho jinsi karatasi iwezavyo kuua: pasipo upanga, pasipo risasi, kwa kukosekana tu.

Tarehe 25 Agosti 2017 kundi la Warohingya wenye silaha lilishambulia vituo vya polisi. Jeshi lililipiza kwa watu wote, wenye silaha na wasio nayo. Vijiji vilichomwa, na zaidi ya watu 700,000 wakavuka kwenda Bangladesh. Madaktari Wasio na Mipaka, baada ya kuwauliza waliokimbia, walikadiria kwamba katika mwezi wa kwanza peke yake watu wasiopungua 6,700 waliuawa. Mwezi wa Oktoba Bangladesh na wasaidizi wake walileta dozi 900,000 za chanjo ya kipindupindu, na msiba mkubwa ukaepushwa. Lakini mwezi wa Novemba ulizuka ugonjwa ambao madaktari wengi vijana walikuwa hawajapata kuuona ila vitabuni, nao ni dondakoo. Ugonjwa huo huzuiwa kwa chanjo ya utotoni. Kuzuka kwake kambini kulikuwa ushahidi uliotolewa na miili ya watoto wenyewe: kwamba wengi katika kizazi kile walizaliwa, wakakua, na hawakuwahi kufikiwa na sindano moja.

Haki yataka kusema pia yaliyo upande wa pili. Warakhine, walio Mabudha, nao ni kabila dogo lililoonewa, na jimbo lao ni miongoni mwa majimbo masikini kuliko yote nchini. Mashambulizi ya wale wenye silaha yaliwaletea msiba hata watu wasiokuwamo. Wako pia Wabama waliosimama na wanyonge wakafungwa kwa ajili yao. Mwislamu anayemlilia Mrohingya peke yake kwa kuwa ni ndugu yake katika dini, akampita Mkaren Mkristo na Mkachin aliyechomewa nyumba, amelia kwa jicho moja. Na mtu wa nchi nyingine aliyemsifu Dokta Cynthia kwa miaka ishirini, kisha akanyamaza Warohingya walipofukuzwa, naye vilevile. Dhuluma haikuchagua dini katika nchi ile. Uadilifu nao usichague.

Tena, ajaye kuonewa leo huenda ndiye aliyenyamaza jana. Tarehe 1 Februari 2021 jeshi liliipindua serikali ya Aung San Suu Kyi, yeye ambaye mwezi wa Desemba 2019 alikwenda The Hague kuitetea nchi yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Siku mbili baadaye madaktari na wauguzi wa hospitali za serikali, wengi wao Wabama, waligoma kulitumikia jeshi. Walipowindwa, wengi walikimbilia wapi? Walikimbilia milimani na mipakani, kwa Wakaren, Wakarenni na wengineo. Zahanati zile zilizokuwa hazitambuliwi kwa kukosa cheti zikawapokea wenye vyeti. Madaktari waliosoma katika vyuo vikuu wakajifunza kutibu kwa taa ya mkononi, wakifundishwa na wabeba mikoba. Wengi katika Wabama walikiri wakati huo kwamba hawakuyaelewa mateso ya makabila mpaka yalipoifikia milango yao. Aliyesema kwamba mwenzako akinyolewa wewe tia maji, alisema kweli.

Huenda mtu akauliza: Burma ina nini na Afrika Mashariki leo? Jibu limo katika habari ya malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya klorokwini ilianza kushindwa huko Asia ya Kusini-Mashariki. Watu wengi wa Afrika hawakujua wala hawakujali. Mwaka 1978 malaria yenye kuishinda dawa hiyo iligunduliwa Afrika Mashariki, na katika miaka iliyofuata watoto wengi sana wakapotea kabla ya dawa nyingine kupatikana. Kwa hiyo tangu mwaka 2014 watumishi wa afya wa Kikaren pamoja na wataalamu wa mpakani walipoweka vituo vya kupima na kutibu malaria katika vijiji zaidi ya elfu moja, walikuwa wakilinda watoto wa kwao na wa mabara mengine pia. Baada ya mapinduzi ya 2021 kazi hiyo ilivurugwa katika sehemu nyingi za nchi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wagonjwa wa malaria nchini humo, waliokuwa 78,000 mwaka 2019, walifika 584,000 mwaka 2022. Mbu hana pasipoti, na kiini cha ugonjwa hakisimami mpakani kungoja mhuri.

Lipo na jibu lingine, lililo karibu zaidi. Wanubi wa Kenya ni Waislamu ambao asili yao ni askari wa Kisudani walioingizwa na Waingereza katika jeshi la Keya, jeshi lile lile lililovuka Chindwin. Uhuru ulipokuja, wazao wao wengi walipata taabu kwa miaka mingi kupewa vyeti na vitambulisho. Mwezi ule ule wa Machi 2011 ambao serikali mpya iliapishwa Burma, Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi juu ya watoto wa Kinubi. Ilisema kwamba walinyimwa haki yao ya kupata uraia tangu kuzaliwa, na ikaona kwamba kunyimwa huko kulikwenda pamoja na kunyimwa usawa katika afya na katika elimu. Kamati hiyo ya Kiafrika ilitamka waziwazi yale yaliyoonekana katika hospitali ya Sittwe: cheti cha kuzaliwa ni dawa ya kwanza ya mtoto.

Wala Afrika haikunyamaza juu ya Warohingya wenyewe. Mwezi wa Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo iliyoungwa mkono na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, iliishtaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa kuvunja mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari. Aliyeiongoza kazi hiyo, Abubacarr Tambadou, waziri wa sheria wa Gambia, alikuwa ametumikia miaka mingi katika Mahakama ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Aliyajua masikitiko ya Warohingya kwa kuwa aliyasikia kwanza katika Afrika Mashariki. Tarehe 23 Januari 2020 majaji wote kwa sauti moja waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki. Amri hiyo haikuwarudisha waliokimbia, ambao hata sasa ni zaidi ya milioni moja katika Bangladesh. Lakini iliwapa kitu ambacho sensa ya 2014 iliwanyima, yaani kuhesabiwa kuwa watu.

Basi yafaa nini kwa jumuiya kama hii, ambayo haina jeshi wala hazina kubwa? Wanazuoni wa Kiislamu wameihesabu hifadhi ya nafsi kuwa miongoni mwa makusudio matano ya sharia. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alipojenga bimaristani yake, yaani hospitali, katika mji wa Cairo, wakfu wake ulitaka wapokewe matajiri na masikini, wenyeji na wageni. Mfano huo waweza kufuatwa na walio wadogo. Kwanza, kila mtoto azaliwaye katika nyumba za Waislamu, na katika nyumba za majirani wasiojua njia ya ofisini, apatiwe cheti cha kuzaliwa. Imamu na mwalimu wa madrasa waweza kuifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya akika na ya kuandikisha watoto chuoni. Pili, zahanati ya jumuiya isimwulize mgonjwa kabila wala dini, na iwe na mtu wa kumfasiria mkimbizi lugha yake, maana Afrika Mashariki imepokea wakimbizi wengi, nao huugua na kuzaa kama watu wengine. Tatu, vijana wa kabila dogo wafunzwe uuguzi na ukunga wakawatumikie watu wa kwao, kama ilivyofanywa mpakani mwa Burma. Nne, sadaka ya dawa isitenganishwe na neno la haki. Ampaye mgonjwa kidonge, kisha akanyamaza mgonjwa huyo anapofukuzwa, amemtibu nusu.

Serikali zitabadilika tena, huko na kwingineko. Siku hiyo itakapokuja watu watapiga vigelegele, na ni halali yao. Lakini mwenye busara hatatazama bendera peke yake. Atakwenda mpaka kijiji cha mwisho, kwa kabila lililo dogo kuliko yote, aulize mambo mawili: mtoto huyu amechanjwa? na je, jina lake limeandikwa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayomjulisha kama serikali imebadilika kweli.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, awaponye wagonjwa, awarudishe makwao waliofukuzwa, na awatie nguvu wale wabebao dawa migongoni mwao usiku. Amin.